Wanaowatafutia Madaktari Majibu

Mkutubi wa hospitali haonekani wodini. Hachomi sindano, hapimi shinikizo la damu, na mgonjwa anayeruhusiwa kurudi nyumbani hajui hata kama mtu huyo yupo. Kazi yake ni kutafuta. Muuguzi ana swali, daktari ana shaka, mwanafunzi wa udaktari ana mgonjwa ambaye hali yake haifanani na kitabu; mkutubi huketi mbele ya kompyuta, akazitafuta katika mamilioni ya makala za tiba zile tano au sita zinazojibu swali hilo, akazileta kabla swali halijapitwa na wakati. Akizipata, sifa ni za daktari. Asipozipata, mara nyingi hakuna anayejua kwamba zilikuwepo.

Mara mojamoja hujulikana. Mwaka 2001, Ellen Roche, mwanamke wa miaka 24 mwenye afya njema, alijitolea kushiriki utafiti wa pumu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Alivutishwa dawa iitwayo heksamethoniamu. Mapafu yake yakaharibika, na tarehe 2 Juni akafariki. Kabla ya utafiti kuanza, maandishi ya awali kuhusu dawa hiyo yalikuwa yametafutwa katika PubMed, hifadhidata kubwa ya makala za tiba, ambayo wakati ule utafutaji wake wa kawaida ulirudi nyuma hadi mwaka 1966 tu. Makala za miaka ya 1950 zilizoonyesha kwamba dawa hiyo inaweza kudhuru mapafu zilikuwepo. Zilikuwa zimechapishwa, na zimeorodheshwa katika faharasa nene za karatasi zilizokuwa rafuni. Mkutubi mzoefu angeuliza jambo moja: dawa hii ni ya zamani, je, tumezitazama faharasa za zamani?

Wakutubi wa afya hukisimulia kisa hiki sana, na si kwa kujitapa. Wanajua kwamba kosa la namna ile lingeweza kuwa lao. Kutafuta ni ufundi, na ufundi huota kutu. Hifadhidata hubadilika, majina ya magonjwa hubadilika, miongozo ya matibabu hubadilika, na shahada ya ukutubi aliyoipata mtu miaka 15 iliyopita haimwambii lolote juu ya mabadiliko hayo. Makala hii inahusu namna wanavyojinoa. Maoni yetu, tunayoyasema mapema ili msomaji aweze kubishana nayo, ni kwamba kozi na vyeti huwanoa kidogo tu. Kinachowanoa hasa ni wenzao, katika vikundi vidogo, kazi yenyewe ikiwa imewekwa mezani.

Mtu mmoja, ufunguo mmoja

Fikirieni tofauti iliyopo kati ya daktari na mkutubi katika hospitali ileile. Daktari akiandika kipimo cha dawa kilichozidi, muuguzi anaweza kukiona na mfamasia naye akakirudisha. Asubuhi kuna kikao cha kupokezana zamu. Mchana kuna mzunguko wa wodini ambapo wakubwa na wadogo wanamzunguka mgonjwa mmoja na kila mmoja anasema anachokiona. Kazi ya daktari, kwa maumbile yake, inafanyika mbele ya macho ya wenzake. Mkutubi hana kikao kama hicho. Vyuo vingi vya uuguzi na hospitali nyingi za Afrika Mashariki zikiwa na mkutubi basi ana mmoja tu, na huyo mmoja ndiye anayegonga mihuri vitabu, anayeazimisha, anayedai vilivyochelewa, na anayetunza ufunguo wa chumba cha kompyuta. Akitafuta vibaya leo atatafuta vibaya kesho, na hakuna wa kumwambia.

Wazungu waliligundua tatizo hili zamani, kwa sababu nyingine kabisa: ufukara. Mwaka 1875, daktari kijana William Osler, aliyekuwa akifundisha McGill nchini Kanada, hakuweza kununua peke yake majarida ya tiba aliyoyataka. Akakusanya wenzake, wakachanga pesa, wakanunua kwa pamoja, wakasoma na kujadiliana. Hiyo ni miongoni mwa klabu za kwanza za kusoma majarida, desturi ambayo sasa imeenea katika hospitali za dunia nzima. Mwaka 1898, madaktari wanne na wakutubi wanne walikutana Philadelphia kuanzisha chama cha maktaba za tiba cha Marekani. Jambo walilolipa uzito mapema lilikuwa la kawaida mno: kubadilishana nakala za ziada. Wewe una toleo la Machi mara mbili, mimi sina, nipe. Ndivyo wakutubi wa tiba walivyoanza kujuana, na waliojuana kwa vitabu wakaja kuulizana kwa kazi.

Vikundi vya redio

Walimu wetu wanaofundisha historia ya Afrika Mashariki watatukumbusha kwamba hatuna haja ya kwenda Philadelphia. Mwaka 1973, Tanzania iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vipindi vya redio na vijitabu kuhusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu. Kwa muda wa wiki 12 watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, mmoja akawasomea wengine kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kufanya kitu: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya maji. Inakadiriwa watu wapatao milioni 2 walishiriki, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo.

Kinachotuvutia katika hesabu hiyo ni hao 75,000. Hawakuwa madaktari, wala hawakutakiwa kuwa walimu. Kiongozi wa kikundi alikuwa jirani aliyefundishwa kuuliza maswali na kunyamaza ili wengine wazungumze. Kijitabu kilikuwa na taarifa, redio ilikuwa na taarifa. Kikundi kilikuwa na jambo ambalo havikuwa nalo, yaani hali halisi ya kijiji kile: kisima kiko wapi, nani hana jembe, choo cha shule kimebomoka lini. Bila jambo hilo, taarifa ingebaki redioni.

Tunalisisitiza kwa sababu historia ya maktaba za afya barani Afrika imejaa taarifa zilizobaki ndani ya masanduku. Hatusemi kwa mafumbo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilianza kusambaza maktaba ndogo zilizofungwa katika sanduku la bati la rangi ya buluu, vitabu zaidi ya 100 vya tiba na afya ya jamii kwa ajili ya wilaya zilizokuwa mbali na maktaba yoyote. Wazo lilikuwa zuri, na hadi leo tunaliona hivyo. Ila sanduku lina kufuli, na kufuli lina mwenye ufunguo. Pale ambapo mwenye ufunguo alijua vilivyomo na aliweza kumwambia muuguzi "soma ukurasa huu," sanduku lilikuwa maktaba. Pale ambapo hakujua, lilikuwa samani.

Halafu intaneti ikaja. Januari 2002, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa 6 walianzisha HINARI, mpango ulioziwezesha taasisi za nchi maskini kusoma majarida ya tiba takriban 1,500 bure au kwa bei ndogo sana. Idadi hiyo imeongezeka mara nyingi tangu wakati huo, na mpango wenyewe sasa ni sehemu ya Research4Life. Chuo cha tiba ambacho jana kilikuwa na majarida machache ya karatasi, tena ya miaka iliyopita, leo kikawa na mlima. Wanafunzi wa uchumi katika klabu yetu watasema tatizo la ugavi lilitatuliwa. Lakini mlima una kufuli lake pia: nenosiri la taasisi, vichwa vya mada vya Kiingereza cha kitaalamu, na ujuzi wa kupunguza matokeo 40,000 yakawa 12 yanayosomeka. Aliyekuwa na ufunguo ni yuleyule, mkutubi mmoja, peke yake chumbani.

Hapo ndipo vyama vya wakutubi wenyewe vilipokuwa na kazi kubwa. Chama cha taarifa na maktaba za afya cha Afrika, AHILA, kiliundwa mwaka 1984, miaka 18 kabla ya HINARI. Mikutano yake mikuu imefanyika Mombasa mwaka 2006, Dar es Salaam mwaka 2014 na Kampala mwaka 2016, na ule wa Mombasa ndio uliozindua kampeni ya kimataifa ya kudai taarifa za afya kwa wote. Anayesoma ratiba za mikutano hiyo ataona hotuba na mada nyingi, kama ilivyo kila mahali. Lakini pembeni ya hotuba kumekuwa na warsha ambapo mkutubi wa Makerere, wa Muhimbili na wa Nairobi wanakaa kwenye kompyuta jirani na kuulizana mwenzao anafanyaje. Kampala ina sababu ya kujivunia katika jambo hili. Profesa Maria Musoke, aliyetumikia Maktaba ya Tiba ya Albert Cook huko Makerere kabla ya kuongoza maktaba ya chuo kikuu chote, alifanya utafiti wa shahada ya uzamivu juu ya namna wahudumu wa afya wa Uganda wanavyopata na kutumia taarifa. Maktaba hiyo ilitoa pia kijarida chenye muhtasari wa makala kwa ajili ya vituo vya afya ambavyo havikuwa na intaneti, kazi ambayo mtu hawezi kuifanya vizuri bila kuwauliza wasomaji wake walikwama wapi.

Majina ya dawa moja

Tumesema "kazi ikiwekwa mezani." Sasa tuonyeshe maana yake, kwa mfano ambao Guangzhou inaujua vizuri.

Tuseme muuguzi wa kliniki ya wajawazito mkoani Tanga anampigia simu mkutubi wa chuo: "Dada, nina mama mjamzito wa miezi miwili, ana malaria. Naruhusiwa kumpa mseto?" Swali ni fupi na muda ni mfupi. Mkutubi anafungua PubMed. Akiandika "mseto" hapati anachotaka, kwa sababu mseto ni jina letu la Kiswahili la dawa za malaria zilizochanganywa, lililoenea tangu Tanzania ilipobadili tiba ya malaria mwaka 2006. Ndani ya mchanganyiko huo mna artemetha, na artemetha imetokana na artemisinini. Anaandika jina hilo, na makala zinamiminika.

Je, ni zote? Hapa ndipo mwenzake anahitajika. Artemisinini ilipatikana China, katika kazi iliyoanzishwa tarehe 23 Mei 1967 na kupewa jina la Mradi 523. Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliongozwa na kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4 aliyemalizia maisha yake katika mlima Luofu, hapa hapa Guangdong. Kwa Kichina dawa iliitwa qinghaosu. Makala za zamani za Kiingereza ziliiita hivyohivyo, na nyingine ziliiita "arteannuin". Makala ya mwaka 1979 iliyoitangaza kwa wasomaji wa Kiingereza katika jarida la tiba la China haina jina la mwandishi hata mmoja; imesainiwa na kikundi cha utafiti. Anayetafuta kwa jina la Tu Youyou haipati. Na kuna mtego mwingine ambao mwanafunzi wa Guangzhou anaweza kumwokoa nao mkutubi wa Tanga: mmea wenye dawa, Artemisia annua, kwa wataalamu wa mimea wa China huitwa huanghuahao, ilhali kitabu rasmi cha dawa cha China huuita qinghao, jina ambalo wataalamu wa mimea wamempa ndugu yake asiye na dawa hiyo. Mtu mmoja, hata awe hodari vipi, hawezi kuyajua yote haya. Watu wanne wenye uzoefu tofauti wanaweza.

Mfano haujaisha. Mwaka 2007 timu ya Chuo Kikuu cha Tiba ya Kichina cha Guangzhou, ikiongozwa na Profesa Li Guoqiao, ilianza katika kisiwa cha Mwali, Komoro, kuwapa wakazi wote dawa yenye artemisinini kwa wakati mmoja, wagonjwa na wasio wagonjwa. Baadaye ikaenda Nzwani na Ngazidja. Mbinu hiyo ilizua mjadala mkali: je, ni haki kumpa dawa mtu asiyeumwa? Sisi hatutaumaliza mjadala huo hapa. Ila anayetaka kuusoma na akaandika "Mwali" hatapata vingi, kwa kuwa watafiti wengi huandika Mohéli. Nzwani huandikwa Anjouan, na Ngazidja huandikwa Grande Comore. Mkutubi wa Zanzibar ambaye ana jamaa Ngazidja huyajua majina yote mawili bila kufundishwa. Yule wa Nairobi huenda asiyajue mpaka aambiwe.

Turudi kwa mama mjamzito, maana hapo ndipo pa hatari. Kwa miaka mingi mwongozo ulisema: miezi mitatu ya kwanza apewe kwinini pamoja na klindamaisini, si mseto. Mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo huo, na sasa artemetha na lumefantrini ndiyo tiba inayopendekezwa hata katika miezi hiyo. Mkutubi aliyehudhuria kozi nzuri sana mwaka 2015, akapata cheti, akakitundika ukutani, kisha hakukutana tena na mwenzake, angeweza kumpa muuguzi yule jibu la zamani huku akiwa na uhakika kamili. Uhakika wake ndio ungekuwa hatari zaidi kuliko kutojua kwake.

Kwa hiyo kikundi cha wakutubi kinachofanya kazi vizuri huleta mezani mkakati wa utafutaji ulioandikwa, mstari kwa mstari: maneno gani yalitumika, yaliunganishwaje, nini kiliachwa. Nchini Kanada, wakutubi Margaret Sampson na Jessie McGowan pamoja na wenzao waliigeuza desturi hii kuwa utaratibu rasmi unaoitwa PRESS, ambao toleo lake la sasa ni la mwaka 2015. Mkutubi mmoja hukagua mkakati wa mwingine kabla haujatumika. Anauliza: je, swali la daktari limegeuzwa kuwa maneno sahihi? Viunganishi vimewekwa panapostahili? Kuna kisawe kilichosahaulika? Herufi moja imekosewa? Umeweka mipaka, kwa mfano lugha au mwaka, ambayo imefukuza ulichokitafuta? Swali hilo la mwisho ndilo linalotukumbusha Baltimore.

Uingereza walijaribu njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Andrew Booth na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sheffield waliendesha kozi zilizoitwa FOLIO kwa wakutubi wa huduma ya taifa ya afya, nyingi zikipelekwa kwa barua pepe ili mtu ajifunze akiwa kazini kwake, pamoja na kazi za kushirikiana na wenzake. Kwetu sisi barua pepe si jambo kubwa. Kilicho muhimu ni kwamba walikubali kuwa mkutubi hawezi kuacha dawati lake wiki nzima, kwa hiyo kikundi kilifuata dawati.

Mafundi cherehani wa Monrovia

Kuna mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Lave, ambaye katika miaka ya 1970 alikaa na mafundi cherehani wa Kivai na Kigola mjini Monrovia, Liberia, akitazama namna vijana wanavyojifunza ushonaji. Aliona jambo ambalo kila mzazi wa Kariakoo angemwambia, lakini kwa wanazuoni lilikuwa jipya: mwanagenzi haanzi na kukata kitambaa. Anaanza mwishoni mwa kazi, kushona vifungo na kupinda pindo, mahali ambapo akikosea hasara ni uzi tu. Kukata kunakuja mwisho, kwa kuwa kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi. Wakati huo wote ameketi katikati ya mafundi, anaona nguo nzima inavyozaliwa. Mwaka 1991 Lave na Etienne Wenger waliandika kitabu juu ya kujifunza kwa namna hii, na maneno "jumuiya ya utendaji" yakaenea vyuoni kote.

Tunadhani vikundi vya wakutubi vingefanya vizuri kuwaiga mafundi hao kuliko kuiga semina. Mgeni asipewe swali la mama mjamzito siku ya kwanza. Apewe orodha ya visawe aikamilishe, akague herufi, aone wakubwa wanavyobishana. Vifungo kwanza, mkasi baadaye.

Adabu mezani

Tusipambe mno. Vikundi vina maradhi yake, na moja tunalijua vizuri pande zote mbili za bahari. Uswahilini kijana humwamkia mkubwa "shikamoo," na baada ya hapo ni vigumu kumwambia "mama, mstari wako wa tatu una kosa." Hapa China tuna mianzi, uso wa mtu, ambao hauvunjwi mbele za watu. Matokeo ni yaleyale: kikao kizuri, chai nzuri, kila mtu amesifiwa, na mkakati wenye kosa unarudi hospitalini kama ulivyokuja. Baadhi ya njia za kukwepa hili ni rahisi. Karatasi ziletwe bila majina. Mkubwa wa kikundi aweke ya kwake kwanza ikaguliwe, ili wadogo waone kwamba inawezekana. Na maneno yawe ya kuuliza: "Hapa tulikusudia nini?" badala ya "Hapa umekosea." Kiswahili kina hazina kubwa ya kukosoa kwa upole, na mtu aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa jinsi ya kusema jambo zito kwa sauti nyepesi.

Ugonjwa wa pili hauponi kwa adabu. Waajiri wengi hukiona cheti lakini hawauoni mchana mmoja wa watu wanne wakibishana juu ya kisawe. Cheti huingia katika faili la kupandishwa daraja, mabishano hayaingii. Mpaka hapo hospitali na vyuo vitakapohesabu saa hizo kuwa kazi, wakutubi watazifanya kwa muda wao wenyewe na kwa vocha zao wenyewe, na wale wenye watoto wadogo au mtandao dhaifu watakuwa wa kwanza kuacha. Hilo hatuoni ni la kuachiwa moyo wa kujitolea.

Sehemu yetu

Wengine wetu tutafanya kazi ya ukalimani. Timu za madaktari kutoka Jiangsu zimekuwa zikienda Zanzibar tangu mwaka 1964, na za Shandong Tanzania Bara tangu mwaka 1968. Daima huhitaji watu wa lugha. Hapa Guangzhou wafanyabiashara wa Afrika Mashariki huugua kama watu wengine, nao huhitaji mtu wa kusimama kati yao na daktari. Na mji huu una desturi ndefu ya kazi hii: mwaka 1851 Benjamin Hobson, akisaidiana na Chen Xiutang, alichapisha hapa kitabu cha anatomia kwa Kichina, na wawili hao walilazimika kutafuta pamoja maneno ya viungo ambavyo kila mmoja alivijua kwa lugha yake tu.

Kazi ya mkalimani na ya mkutubi wa afya zinakutana mahali pamoja: neno la mgonjwa si neno la hifadhidata. Mfano mzuri kuliko yote tuliouona ni degedege. Mama wa Bagamoyo akisema mtoto ana degedege, anasema zaidi ya mtukutiko wa mwili. Utafiti uliofanyika huko na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba watu waliuhesabu kuwa ugonjwa wa pekee, tofauti na malaria, unaotakiwa kuanzia kwa mganga wa jadi. Na kumbe watoto wengi wa namna hiyo walikuwa na malaria kali, ambayo haingoji. Anayetafuta kwa neno "degedege" atapata makala chache zenye thamani kubwa, na atakosa nyingi zilizoandikwa kwa majina ya mitukutiko, ya homa ya watoto, na ya malaria ya ubongo. Anayetafuta kwa majina ya kitaalamu peke yake atakosa zile chache, ambazo ndizo zinazoeleza kwa nini mama alichelewa. Kichina nacho kina jingfeng, "upepo wa mshtuko," jina la zamani la mitukutiko ya watoto, ambalo nalo halilingani sawasawa na jina lolote la hospitalini.

Kikundi chetu cha istilahi za tiba kitaanza na neno hilo. Kila mmoja aje na mkakati wake, ulioandikwa mstari kwa mstari kwa Kiswahili, Kichina na Kiingereza, jina lake likiwa nyuma ya karatasi. Walimu wetu wakipenda kuja, wakaribie sana, nao waje na karatasi zao.